Mwachie Mwenzako

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mkutubi wa shule ile ya kati hakuwa na mjukuu bado. Binti yake mkubwa ndiyo kwanza alikuwa anachumbiwa. Lakini majuto hayakumsubiri. Yalimkuta koridoni saa nne na nusu asubuhi, yamevaa sare ya darasa la saba na soksi za rangi mbili.

Lakini tuanzie mwanzo, maana hata kosa lina haki ya kusikilizwa kwa mpangilio.

Wanafunzi walimwita Mama Kimya. Jina hilo alilijua na halikumuudhi, kwa kuwa neno "kimya" ndilo alilolitumia zaidi kuliko maneno mengine yote ya lugha yake. Maktaba yake ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya madawati: madirisha mawili, rafu saba, meza nne na mlango uliolia kama paka kila ulipofunguliwa. Kwa miaka sita watoto waliingia humo kwa sababu tatu tu, nazo ni mvua, adhabu na usingizi. Vitabu vilikaa rafuni vikitazamana.

Si kwamba hakujaribu. Alianzisha shindano la kusoma vitabu vingi, na mshindi akasoma arobaini kwa mwezi mmoja. Alipoulizwa vinahusu nini, alijibu kwamba vyote vinahusu maadili mema. Akaanzisha saa ya kusoma kwa sauti. Darasa zima likasinzia, na yeye mwenyewe aliponea chupuchupu. Akabandika bango la nyota za karatasi ukutani, kila msomaji na nyota zake. Nyota zikaibiwa, bango likabaki.

Kisha likamjia hili la vikaratasi. Kila kitabu kilikuwa na mfuko mdogo wa karatasi ngumu uliogundishwa ndani ya jalada la nyuma, uliokuwa wa kuwekea kadi ya kuazimia kabla mkutubi hajazihamishia kadi zote kwenye sanduku lake. Mkutubi akasema hivi: ukimaliza kitabu, mwachie mwenzako atakayekuja baada yako kikaratasi humo mfukoni. Mwambie lolote. Akaliita zoezi lenyewe Mwachie Mwenzako, akaliwekea masharti matatu. Kiwe kifupi. Usimwage mwisho wa hadithi. Na usiandike jina lako wala kupanga kukutana na mtu. Sharti la tatu alilitilia mkazo kwa kidole, kwa sababu alikuwa amelea mabinti wawili na alijua kikaratasi chenye jina kinavyoweza kugeuka barua ya mapenzi kabla kengele ya mapumziko haijalia.

Basi jambo likashika moto. Watoto waliokuwa hawajui mlango wa maktaba unafungukia upande gani walianza kuingia ili kusoma vikaratasi, na kwa kuwa kikaratasi hakieleweki bila kitabu, wakajikuta wanasoma na vitabu. "Ukurasa wa arobaini na mbili usiusome ukiwa unakula." "Huyu mjomba usimwamini. Mimi nilimwamini nikalia." "Mwanzo unachosha, vumilia mpaka mbuzi atokee." Muhuri wa tarehe ulianza kukauka wino kila wiki. Mkutubi akavimba kichwa kidogo, na nani asingevimba?

Fahari yake kubwa ilikuwa Redio. Huyu alikuwa msichana wa darasa la saba, domo kaya ambaye mwalimu wa hisabati alimleta maktaba kwa mkono wake mwenyewe.

"Huyu haongei, anatangaza," mwalimu wa hisabati alisema. "Mapumziko yote, wiki mbili, akupangie vitabu. Labda huku atajifunza kunyamaza."

Redio hakuwa amewahi kumaliza kitabu maishani mwake, na aliutangaza ukweli huo bila haya. Siku ya tatu ya adhabu akaazima kitabu cha mapango, kitabu kilichokuwa kimegongwa muhuri mara moja tu kwa miaka minne. Akakirudisha baada ya siku mbili, akaazima cha nyuki. Baada ya nyuki, cha fundi saa. Adhabu ikaisha, Redio akaendelea kuja. Mkutubi alisimulia habari hizo katika chumba cha walimu mara nyingi, na kila alipozisimulia alijisogeza yeye mwenyewe karibu zaidi na katikati ya hadithi.

Mwanafunzi mwingine aliyekuja kila siku alikuwa Mgeni. Alikuwa wa darasa la nane, na alikuwa ameitwa Mgeni tangu alipofika mwanzoni mwa mwaka. Miezi minane ikapita bila mtu kulibadilisha jina hilo. Baba yake alikuwa fundi wa barabara. Barabara ilipoanza familia ilihamia, ilipokwisha ikahama, na shule hii ilikuwa ya tano kwake. Alikaa meza ya dirishani, akasoma, akarudisha kiti mahali pake, akaondoka. Mkutubi alimpenda jinsi mtu anavyoipenda meza isiyoyumba: hakumfikiria kabisa.

Mwezi wa tisa mwalimu mkuu akaita kikao. Kulikuwa na tuzo ya maktaba za shule, na wakaguzi wangefika Jumatano.

"Mwalimu wa maktaba, wewe ndiye tegemeo letu," alimwambia. "Sina la kukufundisha. Pawe pazuri tu."

Pawe pazuri. Hakusema zaidi ya hapo, na mkutubi baadaye alijaribu mara nyingi kumtwisha mwalimu mkuu lawama, zikawa hazimkai. Neno lilikuwa dogo. Yeye ndiye aliyelikuza. Jumatatu baada ya masomo alijifungia, akajifunga kanga kiunoni, akafuta vumbi, akanyoosha migongo ya vitabu ikalingana. Kisha akatazama vikaratasi. Vilikuwa vimechungulia kila mahali, vingine vya daftari, vingine vya maboksi ya dawa ya meno, kimoja nyuma ya tangazo la chanjo. Machoni mwake, machoni mwa mtu anayesubiri wakaguzi, vilikuwa takataka. Akachukua boksi tupu na kuanza kukung'uta kitabu kimoja kimoja.

Alisoma baadhi yake, akacheka peke yake. Na ndani ya kitabu cha mpishi wa meli akakuta kimoja kilichoandikwa kwa kalamu ya kijani, mwandiko mdogo ulionyooka:

"Ijumaa baada ya masomo nitakuwa maktaba, meza ya dirishani. Njoo nikuone sura, hata mara moja tu. Usipokuja nitaelewa kwamba hukutaka, wala sitakasirika."

Uso wa mkutubi ukakunjamana. Miadi. Alikuwa amesema waziwazi, amenyoosha na kidole, hakuna miadi. Akakichana mara mbili, vipande vinne, akavitupa juu ya vingine. Boksi likapelekwa kwenye shimo la taka nyuma ya jiko, na mpishi wa shule akatia kiberiti pamoja na maganda.

Jioni alimweleza mumewe, fundi cherehani aliyekuwa anashona pindo la suruali kwa miwani iliyofungwa uzi.

"Sasa pamekuwa pazuri," alisema. "Ukiingia hutapatambua."

"Na wenyewe uliwauliza?" mumewe akauliza bila kuinua kichwa.

"Wenyewe nani?"

"Wenye karatasi."

"Baba nanii, vile ni vikaratasi tu."

"Haya, mama," mumewe alisema, akakata uzi kwa meno. Mtu huyu alikuwa na tabia ya kuwa sahihi na kisha kunyamaza, tabia ambayo mkewe hakuwahi kumsamehe.

Jumatano wakaguzi wakafika watatu. Wawili walipapasa rafu kutafuta vumbi wasilipate. Wa tatu, mama mmoja mfupi mwenye daftari, alikwenda moja kwa moja akafungua jalada la nyuma la kitabu, akachungulia mfuko, akafungua kingine, na kingine.

"Nimesikia habari za vikaratasi vyenu," alisema. "Mpwa wangu anasoma hapa. Nyumbani hatulali kwa ajili ya hivyo vikaratasi. Naomba kuviona."

Mkutubi akanyoosha kitabu kilichokuwa kimenyooka tayari. "Tumeviondoa kwa muda. Kwa ajili ya usafi."

Yule mama alimtazama kwa upole, na huo upole ndio ulioumiza. Akafunga daftari bila kuandika kitu. Shule ikapata cheti cha nafasi ya pili katika usafi na mpangilio, na mwalimu mkuu akakitundika ofisini kwake kwa msumari mrefu.

Mkutubi alijipa moyo. Vikaratasi huandikwa vingine, alisema. Karatasi si haba duniani. Wiki iliyofuata akakata vipya, vyeupe, vyote saizi moja, akaviweka kwenye kikopo mezani pamoja na penseli. Kikopo kikabaki kimejaa. Watoto waliingia, wakachungulia mifuko mitupu, wakatoka. Wengine hawakuingia kabisa. Muhuri ukarudia uvivu wake wa zamani, na baada ya wiki mbili Redio, kipenzi chake, naye akapotea kama aliyehama. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mkutubi bado alikuwa hajui ni maji gani aliyoyamwaga.

Alijua mwezi mmoja baadaye. Alikuwa anatoka chumba cha walimu akamkuta Redio koridoni ameegemea ukuta, soksi moja ya buluu na nyingine nyeusi. Hakuwa anaongea na mtu.

"Wewe," mkutubi alimwita. "Mbona umenitupa? Kosa langu nini?"

"Hamna kosa, mwalimu."

"Umechoka kusoma?"

Redio aliangalia viatu vyake. Kisha, kwa kuwa kunyamaza kulikuwa kumemzidi nguvu kwa mwezi mzima, yakamtoka yote kwa mkupuo.

"Mimi sikuwa nasoma kwa ajili ya vitabu, mwalimu, usinikasirikie. Kulikuwa na mtu. Simjui. Anaandika kwa kijani. Kile cha mapango aliandika, 'Wewe unayesoma hiki najua umeletwa kwa adhabu, hakuna anayechukua mapango kwa hiari. Soma sura ya tatu tu.' Nikasoma, nikamjibu. Akaniambia nenda kwenye nyuki. Nikaenda. Kila kitabu ananiachia neno, na mimi namwachia. Nilimwambia mambo, mwalimu. Mambo ya nyumbani ambayo sijamwambia mtu. Na yeye akaniambia yake. Mara ya mwisho akasema jibu langu litakuwa kwa mpishi wa meli. Nikakiazima Jumanne, kikawa kitupu."

"Niliviondoa mimi," mkutubi alisema taratibu. "Vyote. Ulijua hilo."

"Nilijua. Lakini nikasema akitaka ataandika tena. Nimechungulia kila siku wiki mbili. Hajaandika." Redio akasugua pua kwa kiganja. "Katika kile cha mwisho nilimtania kwamba anaandika kama mzee wa miaka sitini. Nadhani alikasirika. Mdomo wangu huu, mama anasema utaniponza. Basi umeniponza."

Kijani. Alimwambia Redio amsubiri maktaba baada ya masomo, akaenda mwenyewe kabla ya wakati, akafunga mlango na kuvuta sanduku la kadi za kuazimia. Kadi ya mapango: Redio, jina aliloliandika mkutubi mwenyewe kwa fahari, na kabla ya Redio jina moja tu. Kadi ya nyuki: jina lile lile. Fundi saa, lile lile. Mpishi wa meli, lile lile, kimerudishwa Jumatatu ile asubuhi. Na jina hilo, katika kila kadi, liliandikwa kwa kalamu ya kijani. Miezi minane kadi hizo zilipita mkononi mwake, akazigonga muhuri.

Lilikuwa jina la Mgeni.

Hapo ndipo ile Ijumaa ilipomrudia, nzima, kama mtu aliyeingia na kuketi. Mgeni hakuwa ameonekana shuleni tangu Jumatatu. Walikuwa wanafunga mizigo nyumbani. Ijumaa alikuja kurudisha vitabu na kuchukua barua ya uhamisho. Akamaliza yote mawili, lakini hakuondoka. Akaja mezani kwa mkutubi.

"Samahani mwalimu. Kile cha mpishi wa meli kimeazimwa?"

"Tangu Jumanne," mkutubi alimjibu, na Mgeni akatabasamu. Mkutubi hakuwahi kuona tabasamu lile kabla ya siku hiyo. Alidhani mtoto amefurahia likizo ya kuhama.

Akakaa meza ya dirishani na kitabu ambacho hakukifungua. Kila mlango ulipolia aliinua kichwa. Nje, chini kabisa ya dirisha, wasichana wa darasa la saba walikuwa wanaruka kamba kwa makelele, na mkutubi akainuka kwenda kulifunga.

"Acha tu, mwalimu," Mgeni alisema. "Mmoja wao anachekesha."

Mkutubi alilifunga. Alikuwa na kichwa kinamuuma, na kimya ndiyo kazi yake. Saa kumi na moja kasoro akachukua funguo akazitikisa.

"Mwanangu, kitabu hakisomwi kwa kuangalia mlango. Nyumbani hawakutaki?"

"Dakika kumi tu, mwalimu. Tafadhali."

"Hapana. Na mimi nina kwangu."

Mgeni akasimama, akarudisha kiti mahali pake, akasema asante kwa yote, akatoka. Jumamosi lori likawachukua.

Mkutubi alikwenda mbio ofisini, funguo zikimgonga nyongani. Mwalimu mkuu alikuwa chini ya cheti chake, anakunywa chai.

"Yule binti wa fundi wa barabara amehamia shule gani?"

"Hawakuwa wamepata shule. Kwenye barua tuliacha nafasi ya jina wazi, baba yake akasema atapiga simu." Mwalimu mkuu akafikiri kidogo. "Hajapiga. Namba yenyewe nilijaribu juzi, kuna kitabu cha jiografia hajakirudisha. Haipatikani. Kuna nini?"

"Nilimharibia," mkutubi alisema. Mwalimu mkuu alidhani anazungumzia kitabu cha jiografia, akamwambia asijali.

Angeweza kunyamaza, na sisi tusingemlaumu sana, maana binadamu ndivyo alivyo. Angemwambia Redio kwamba mwenzake alihama, kwaheri hazikuwezekana, basi. Hata njia ya kurudi maktaba alitembea akiupanga uongo huo vizuri, mwanzo, kati na mwisho. Lakini alipofungua mlango ukalia, na Redio, aliyekaa meza ya dirishani bila kuambiwa na mtu, akainua kichwa upesi namna ile ile.

Mkutubi akavuta kiti, akakaa mbele yake. Akamwekea kadi nne mezani zitazamane naye. Redio alizisoma, akagusa wino kwa kidole.

"Mgeni?" alisema. "Huyu Mgeni wa darasa la nane? Mwalimu, huyu nilikuwa napishana naye mlangoni kila siku. Sijawahi hata kumsalimia."

"Amehama."

"Kwa hiyo alijua anahama. Ndiyo maana akaacha kuandika."

"Hakuacha." Mkutubi akagonga kadi ya nne kwa kidole. "Aliandika. Nilikisoma kikaratasi chake kabla sijakichoma. Alisema atakuwa hapa Ijumaa, kwenye meza hii. Alitaka akuone sura. Mimi nikadhani ni mambo ya kijinga, nikakichana. Kisha Ijumaa akaja, akaniuliza kama kitabu kimeazimwa, nikamwambia ndiyo. Akajua umekipata. Akakusubiri."

Mwalimu wa hisabati alimpa wiki mbili ajifunze kunyamaza, naye alijifunza pale, kwa nusu dakika.

"Ijumaa ile tulikuwa hapo nje," alisema mwishowe. "Tunaruka kamba. Hapo tu, mwalimu."

"Najua. Aliwasikia. Alisema mmoja wenu anachekesha."

Kwa kitambo ilionekana kama Redio atacheka. Akageuza uso kwenye dirisha. Nje hapakuwa na mtu, kamba ilikuwa imeachwa mchangani.

"Nisamehe," mkutubi alisema. Hakuwa amewahi kumwambia mwanafunzi neno hilo, na lilimtoka kavu. "Wewe na yeye. Yeye simpati nimwambie."

Redio hakujibu la msamaha, na mkutubi hakulidai. Mtoto alikusanya zile kadi nne, akazipanga, akazisawazisha kingo kama alivyofundishwa siku za adhabu.

"Alikaa mpaka saa ngapi?" aliuliza.

Mkutubi alizitazama funguo zake, zilizokuwa mezani kati yao.

"Mpaka nilipomtoa," alisema.